Mnada wa kwenye barafu

Najua nimepotea, msinilaumu. Wiki tatu hizi ni asainimenti juu ya asainimenti, na bumu lenyewe ndio hivyo tena, limeisha kabla mwezi haujafika katikati. Leo nimekimbia kimbweta niwaandikie kitu ambacho kimenikaa kichwani tangu Jumatatu.

Ilianza hivi. Kwenye semina ya historia ya elimu kundi letu limepewa mada ya jamii za wafugaji wanaohama. Wenzangu wote wakageuka kunitazama mimi, maana wanajua kwetu ni wapi (Simanjiro, kwa wageni wa ukurasa huu). Nikawaambia sawa, nitaiwasilisha, lakini sitaki kuanza na habari za kwetu. Nitafute watu wa mbali kabisa, ambao hakuna mtu darasani atakayesema "aah, hao tunawajua". Kuzunguka huku na huku maktaba nikaangukia kwa Wasami.

Wasami ndio wenyeji wa kaskazini mwa Norwei, Uswidi na Finlandi, hadi rasi ya Kola huko Urusi. Zamani waliitwa Walapi, jina ambalo wao wenyewe wanaliona ni tusi. Wengi wao zamani waliishi kwa uvuvi na uwindaji, na baadhi wakawa wafugaji wa reindia, yule mnyama mwenye mapembe ya matawi anayechorwa kwenye kadi za Krismasi. Hata neno "tundra" tulilokariri kwenye jiografia limetoka kwenye lugha ya Kisami likapitia Kirusi. Mwalimu wangu wa jiografia hakuwahi kutuambia hilo.

Sasa, vitabu vya shule vina sentensi moja mnayoijua wote: wafugaji "huhamahama bila makazi maalumu". Jamani, sentensi hiyo ina matatizo. Wasami wanagawa mwaka kwenye majira manane, na kila jira lina mahali pake. Mwezi wa tano reindia wanazaa. Kiangazi wanapanda milimani kwenye uwazi usio na miti, ambako kuna upepo na mbu ni wachache. Baridi ikija wanashuka kwenye misitu, ambako wanafukua theluji kwa kwato kutafuta ukoga wa kula. Familia kadhaa zinazotumia eneo moja na kusaidiana kuchunga zinaitwa sijdda, na kila sijdda inajua njia yake, mito yake na misitu yake. Ukimwuliza mtu wa namna hiyo "mwezi wa pili utakuwa wapi?" atakujibu bila kusita. Mimi mwenyewe sijui mwezi wa pili nitakuwa hosteli gani.

Mwezi huo wa pili ndio unatupeleka Jokkmokk. Ni mji mdogo wa Uswidi, kaskazini kidogo tu ya mstari wa Aktiki. Kwa Kisami cha eneo la mto Lule unaitwa Jåhkåmåhkke, yaani kona ya mto. Kuna ziwa dogo hapo linaitwa Talvatis, na jina lake lina mzizi wa neno lao la majira ya baridi. Kwa hiyo jina la ziwa tu linakwambia watu walikuwa wakikaa hapo msimu gani. Mtu wa kwetu anaweza kushangaa kwamba msimu wa kukutana ni ule wa baridi inayoweza kushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Lakini fikirini kidogo. Kiangazi nchi ile ni matope, mito na mbu. Baridi ikikaza, mito na maziwa yanageuka barabara, mtu anateleza kwa ski na mzigo unavutwa na reindia kwenye kijisanduku chenye umbo la mtumbwi. Ngozi za wanyama wa porini nazo zinakuwa na manyoya mazito, bei inapanda. Na kila mtu yuko msituni, karibu.

Mfalme Karl IX wa Uswidi aliliona hilo. Kabla yake biashara na kodi ya Wasami ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa pwani walioitwa birkarlar, na taji lilikuwa limeshaanza kuwanyang'anya kazi hiyo. Mwaka 1605 Karl akaagiza kwamba katika nchi za Wasami patengwe sehemu maalumu za soko na kujengwa makanisa, biashara ifanyike hapo tu, kwa wakati uliopangwa. Jokkmokk ikawa moja ya sehemu hizo. Mpaka leo mji unahesabu umri wa mnada wake kuanzia mwaka huo.

Mkisoma haraka mtasema mfalme alikuwa mwema, kawaletea watu soko. Kwa kweli Wasami walipata unga, chumvi, nguo za sufu, vyungu vya chuma, na pombe pia. Wao walileta ngozi, samaki wakavu, viatu na glavu. Lakini angalieni nani mwingine alikuja mnadani. Alikuja mtoza kodi na daftari. Alikuja hakimu, kwa sababu mahakama ilikaa siku hizohizo za soko. Akaja na mchungaji, ambaye kwa siku chache alibatiza, akafungisha ndoa na kuzika waliokufa muda mrefu. Mtu ambaye mwaka mzima hukamatiki, leo uko hapa, na mkeo na watoto, umesimama kwenye foleni. Na kulikuwa na hesabu ya mipaka pia. Norwei ilikuwa chini ya Denmark, na falme hizo mbili ziligombania kaskazini. Kila Msami aliyelipa kodi kwa Uswidi alikuwa ushahidi kwamba ardhi ile ni ya Uswidi. Walipigana vita 1611 hadi 1613, na mpaka wenyewe ulikuja kuchorwa 1751, pamoja na mkataba wa kuwaruhusu Wasami wavuke na mifugo yao.

Hapo katikati mambo yalikuwa mabaya. Mwaka 1635 ulifunguliwa mgodi wa fedha huko Nasafjäll, na Wasami walilazimishwa kubeba madini kwa reindia wao. Wengi wakakimbilia Norwei. Miaka ya 1680 ngoma zao za ibada zilianza kukusanywa kwa nguvu. Mwaka 1693, huko Arjeplog, jirani na Jokkmokk, mzee mmoja aitwaye Lars Nilsson aliuawa na kuchomwa moto pamoja na ngoma yake. Kosa lake ni kwamba aliipiga akijaribu kumrudishia uhai mjukuu wake aliyezama majini. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikaenda kunywa chai.

Lakini watu hawakuacha kwenda Jokkmokk, na mimi siamini ni kwa sababu ya kodi tu. Ukikaa miezi kumi na moja na watu walewale ishirini, unataka kujua dada yako aliyeolewa sijdda nyingine kajifungua nini. Kijana anataka kuchumbia. Mzee anataka kusikia malisho ya upande wa pili yakoje. Mfalme alileta daftari lake, wao wakaendelea kuleta maneno yao.

Sasa nifike kwenye kilichoninyima usingizi. Nilikuwa nimeshapanga hoja yangu ya semina. Mnajua darasa la nne niliandikwa "mtoro" kwenye daftari la mahudhurio, kwa sababu kiangazi familia ilihamisha ng'ombe na mimi nikaenda nao. Viboko nilikula. Kwa hiyo hoja yangu ilikuwa rahisi: shule na iwafuate watoto, ihame nao. Nikataka Wasami wawe mfano wangu.

Basi, Uswidi walifanya hivyo. Mwaka 1913 serikali ikaanzisha shule za wahamaji kwa watoto wa wafugaji wa reindia wa milimani. Miaka ya mwanzo mwalimu aliwafuata, wakasoma ndani ya hema lao la asili, kåta. Safi, si ndio? Ila masomo yalikuwa machache kuliko ya watoto wengine wa Uswidi, muda mfupi, tena kwa Kiswidi. Sababu iliyosemwa waziwazi na waliozitetea, akiwemo askofu Olof Bergqvist wa Luleå, ni kwamba mtoto wa mfugaji asizoee maisha ya nyumba akaacha reindia. Wakati huohuo watoto wa Wasami wasiohama walipelekwa shule za kawaida, kana kwamba asiyehama si Msami tena. Wasami wenyewe walizilalamikia shule hizo kwenye mkutano wao wa Östersund mwaka 1918. Kanisa la Uswidi liliwaomba radhi mwaka 2021.

Mnada bado upo. Kila mwaka, Alhamisi ya kwanza ya Februari hadi Jumamosi, mji wenye watu wasiofika elfu tatu unajaa maelfu kwa maelfu ya wageni. Reindia wanakimbizwa mashindano juu ya barafu ya Talvatis, visu na vikombe vya mti vinauzwa. Tangu 1989 pana jumba la makumbusho la Wasami, Ájtte, maana yake ghala. Na mabishano yapo palepale: mwaka 2022 serikali iliidhinisha mgodi wa chuma huko Gállok, karibu na mji, na vijiji vya wafugaji vikapinga kwa sababu ni njia ya reindia wao.

Semina ni Alhamisi saa nne. Slaidi yangu ya mwisho ilikuwa inasema "Suluhisho: shule inayohama". Nimeifuta jana usiku. Pale palipokuwa na hayo maneno nimeandika tu swali, nani aliitisha mkutano, na rum-meti wangu anasema nikisimama na hilo nitapigwa maswali mpaka nikome.