Tairi la Safari: mpira, mawe na matope chini ya Kilimanjaro

Mvua za masika zikishakolea mwezi wa Aprili, barabara za vumbi kwenye miteremko ya Kilimanjaro hubadilika kwa muda mfupi sana. Udongo mwekundu wa volkano wa Marangu, Kibosho na Machame, unaolishika gurudumu vizuri ukiwa mkavu, hugeuka utelezi unaojaza kashata za tairi mpaka tairi jipya linateleza kama kipara. Dereva akiteremka Himo na kushika njia ya Taveta, huenda akakuta mvua imekata na mbele yake ni vumbi na mawe makali. Kwenye tambarare za chini zaidi kuna maeneo ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao ukilowa huganda kwenye gurudumu hadi likashindwa kuzunguka.

Mbio za magari za Afrika Mashariki husimuliwa kwa majina ya madereva na ukubwa wa injini. Tairi hutajwa likipasuka tu. Lakini ndilo lililogusa ardhi hii, na mara nyingi ndilo lililoamua nani afike.

Simulizi la mwanzo wa mbio za Safari Rally linaanzia kwenye uwanja wa mzunguko. Eric Cecil, mkazi wa Kenya aliyependa magari, hakuvutiwa na kuzunguka uwanja wa Langa Langa kwa saa nzima. Alitaka mashindano ya kutoka mlangoni, kuikata Afrika Mashariki na kurudi. Yeye na binamu yake Neil Vincent wakabuni mbio zilizofanyika kuanzia tarehe 27 Mei hadi 1 Juni 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baada ya miaka michache zikahamishiwa Pasaka, na Pasaka katika nchi hizi huangukia kwenye masika.

Uamuzi huo wa Cecil ulibadili suala zima la tairi. Tairi la uwanja wa mzunguko hutengenezwa kwa mpira laini wenye mifereji michache, au usio na mfereji kabisa. Hupata joto la lami, hunata, na baada ya mbio huisha. Tairi hilo likipelekwa kwenye changarawe ya Same au matope ya Mbulu halifiki mbali. Huku kilichohitajika ni ubavu mgumu usiochanwa na jiwe, kashata pana za kutapika matope, na uvumilivu wa kukimbia maelfu ya kilomita.

Magari ya 1953 yalipangwa katika madaraja kwa bei ya dukani, na yalitakiwa yawe kama yalivyouzwa. Gari dogo la Volkswagen, wengi wanaliita kobe, lilifanya vizuri tangu mwaka huo, na mwaka 1954 Vic Preston akashinda nalo. Watu walisifu uimara wa injini yake isiyotumia maji. Ni kweli, lakini tazama miguu yake: tairi jembamba la 5.60-15 kwenye rimu ya inchi 15, na juu ya magurudumu ya nyuma, yale yanayosukuma gari, imekaa injini yenyewe. Tairi jembamba lenye uzito juu yake hukata tope la juu na kuitafuta ardhi ngumu iliyo chini. Tairi pana huelea juu ya tope lilelile na kuanza kuteleza kuelekea mtaroni. Miteremko ya Kilimanjaro inalithibitisha jambo hilo kila masika, kwa pikipiki na kwa lori.

Tairi nyingi za wakati ule zilikuwa za nyuzi zinazokatizana kwa mshazari, tabaka juu ya tabaka, na ndani yake tyubu. Zilikuwa nzito, zilipata joto haraka na zilichezacheza kwenye kona, ila ubavu wake ulikuwa mnene. Jiwe la volkano lenye ncha lililazimika kupita matabaka kadhaa kabla ya kuifikia tyubu. Na likifika, fundi yeyote wa kando ya barabara aliweza kuitibu tyubu.

Ufundi huo haujafa Moshi. Fundi hulibandua tairi kwa vyuma bapa, hutoa tyubu, huijaza upepo na kuizamisha kwenye karai la maji akitafuta mapovu yanakotokea. Hapo hukausha, hukwangua, huweka kipande cha mpira mbichi, kisha hukibana kwa pistoni kuukuu ya injini ambayo kikombe chake hutiwa mafuta kidogo na kuwashwa moto. Moto ukizimika kiraka kimeshaungana na tyubu. Ni kanuni ileile ya kuupika mpira kwa joto na salfa aliyoigundua Charles Goodyear huko Marekani mwaka 1839, na bila hiyo John Boyd Dunlop asingeweza kutengeneza tairi lake la upepo mjini Belfast mwishoni mwa miaka ya 1880.

Mageuzi makubwa yalitoka Ufaransa. Mwaka 1946 kampuni ya Michelin ilisajili hataza ya tairi ambalo nyuzi zake zinavuka moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na chini ya kashata umepita mkanda wa waya wa chuma. Lilianza kuuzwa mwaka 1949. Hilo ndilo ambalo madereva wa kwetu walikuja kuliita tairi la waya. Linashika barabara vizuri zaidi, halichemki upesi na linadumu. Udhaifu wake wa mwanzo ulikuwa ubavuni: ubavu laini unaojipinda ndio uliolipa raha yake, na ubavu huohuo ndio uliochanwa na mawe. Dereva wa Safari alikuwa anachagua kati ya kasi na kufika.

Kufika kulikuwa jambo zito. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 yakamaliza 7 tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404. Katikati ya ushindi wake, mwaka 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell katika 404 pia. Ushindi huo wa mtu wa Dar es Salaam mara mbili mfululizo unastahili kukumbukwa Tanzania kuliko unavyokumbukwa sasa.

Hapo ndipo gari la michezo lilipoingia, na uchaguzi wa tairi ukawa mgumu zaidi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda na Datsun 240Z, gari la viti viwili lenye injini ya lita 2.4 ya silinda sita, na Shekhar Mehta wa Uganda akawa wa pili na gari kama hilo. 240Z ilitoka kiwandani ikiwa na tairi za 175 kwenye rimu ya inchi 14, saizi ya barabara za lami za Japani na Marekani. Nguvu zote ziko magurudumu ya nyuma, pua ni ndefu, tumbo liko chini. Ukilipa tairi pana ili lihimili nguvu, linaelea kwenye matope. Ukilipa jembamba, kwenye changarawe kavu nyuma inakimbilia pembeni kila ukikanyaga mafuta. Walichofanya waliofanikiwa ni kubaki na upana wa wastani, ubavu mrefu wa kuliinua gari juu ya mawe, na kubeba tairi mbili za akiba badala ya moja.

Tairi la pili la akiba lina uzito, na uzito ni dakika. Lakini katika Safari kila dakika ya kuchelewa kituoni ilihesabiwa kuwa pointi ya adhabu, na pancha bila tairi la akiba ilikuwa mwisho wa safari. Mwaka 1973 Mehta, akiwa katika 240Z, na Harry Källström wa Sweden, akiwa katika Datsun nyingine, walimaliza wakiwa na pointi sawa kabisa. Ushindi akapewa Mehta kwa sababu alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Baada ya mbio za maelfu ya kilomita, pancha moja ya mapema ingetosha kuugeuza uamuzi ule.

Mwaka mmoja kabla, mbio zilianzia Dar es Salaam, na Hannu Mikkola wa Finland na Gunnar Palm wa Sweden wakawa wageni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda, katika Ford Escort RS1600. Baada ya hapo timu za viwanda zilikuja na uwezo ambao mkazi wa hapa hakuwa nao: magari ya huduma yaliyosheheni tairi za aina kadhaa, yakisubiri vituoni ili gari libadilishiwe viatu kulingana na hali ya barabara iliyo mbele. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 Safari ikabaki ndani ya Kenya, na barabara za chini ya Kilimanjaro upande wa Tanzania zikakaa kimya.

Wakati mbio zinaondoka, tairi zenyewe zilikuwa zinatengenezwa jirani. Kaskazini mashariki mwa Tanzania mpira una historia ndefu. Wajerumani walipanda mpira wa Ceará kwa wingi, hasa upande wa Tanga, mpaka bei ilipoporomoka mwaka 1913 kwa ushindani wa mashamba ya Asia. Mashamba yakatelekezwa. Japani ilipoiteka Malaya mwanzoni mwa 1942 na washirika wa vita kukosa mpira, miti ile iliyosahaulika Tanganyika ikaanza kugemwa upya.

Kisha ikaja General Tyre East Africa, Arusha, mwendo wa kilomita 80 hivi kutoka Moshi. Ilianzishwa mwaka 1969, serikali ikiwa na asilimia 74 ya hisa na General Tire ya Akron, Marekani, asilimia 26. Sehemu ya wageni ilihamia Continental ya Ujerumani ilipoinunua General Tire mwaka 1987. Kiwanda kilihusishwa na mashamba ya mpira ya Kihuhwi, Muheza, na Kalunga, Kilombero. Kwa miaka mingi tairi la lori lililopandisha mbolea Rombo na kushusha kahawa Moshi liliweza kuwa limepikwa Arusha. Uzalishaji ulisimama mwaka 2009. Ni hasara ambayo haijafidiwa: nchi yenye miti ya mpira, barabara za mawe na mafundi wa kutosha inaagiza karibu kila tairi kutoka nje.

Mbio zilirudi kwa sura nyingine. Mwaka 2003, nusu karne baada ya zile za kwanza, yalianzishwa mashindano ya magari ya zamani, East African Safari Classic, ambayo mara kadhaa yamevuka mpaka na kuifanya Arusha kituo cha kulala. Björn Waldegård wa Sweden alishinda mwaka 2007 katika Ford Escort, na tena mwaka 2011, akiwa na miaka 68, katika Porsche 911 huku mwanawe Mathias akimsomea njia. Ian Duncan wa Kenya alishinda 2009 na 2013, Stig Blomqvist 2015, na Carl Tundo akawashangaza wengi mwaka 2017 kwa Triumph TR7.

Kwa mtu wa Moshi mwenye gari la aina hiyo gereji, somo la Safari linatumika moja kwa moja. Kila kitu kwenye gari la zamani kinaweza kuwa cha zamani isipokuwa tairi. Mpira unakauka hata gari likiwa limesimama, na jua la Moshi huharakisha. Mnunuzi asiangalie kashata pekee. Ubavuni, mwishoni mwa namba zinazoanza na DOT, kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tarakimu tatu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000 na halifai kuingia barabarani, hata likiwa bado na nywele zake za kiwandani.

Saizi ndiyo shida. Escort inataka rimu ya inchi 13, 240Z na Peugeot 504 inchi 14, kobe na Peugeot 404 inchi 15. Inchi 14 na 15 hupatikana katika tairi za magari madogo ya biashara, zile zenye herufi C baada ya saizi, ambazo zina matabaka zaidi na ubavu mgumu. Kwenye lami zinarusha gari kidogo, lakini kwenye mawe ya njia za Rombo zinafaa kuliko tairi laini la bei kubwa. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, maana kila nyuzi joto 10 za Selsiasi huongeza takriban pauni moja na nusu. Kwenye matope ukipunguzwa kidogo tairi hupanuka na kushika. Mawe yakianza urudishwe, kwa kuwa tairi lenye upepo mdogo hugongesha rimu na kuchanika kwa ndani. Hivyo pampu ndogo ya mguu na kipimo cha upepo hukaa garini pamoja na jeki, karibu na tairi la pili la akiba.