Kwa nini samaki wa mapambo hufa tangi likiwa jipya

SAMAKI wa mapambo ni urembo unaopendwa katika nyumba nyingi za mijini. Mzazi hununua tangi la kioo Jumamosi asubuhi, akalijaza maji ya mfereji, akatandaza changarawe na kupanda mimea ya plastiki. Kufikia jioni, samaki kumi wa rangi za kuvutia wanaogelea mbele ya watoto.

Siku ya tatu au ya nne, samaki mmoja huonekana akihema juu ya maji. Juma likiisha, watatu wameelea wakiwa wamekufa. Maji yangali maangavu, chakula hakikukosekana na tangi lilisafishwa vyema. Mwenye nyumba humlaumu muuzaji, akanunua samaki wengine, nao wakafa vivyo hivyo. Hatimaye tangi huhamishiwa stoo na watoto huambiwa kuwa samaki ni viumbe wasiofugika.

Mara nyingi lawama hizo humwangukia asiyehusika. Kinachowaua samaki hao ni sumu isiyoonekana kwa macho, nayo hutokana na samaki wenyewe.

Sumu ndani ya maji maangavu

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake kila anapopumua. Kinyesi chake na mabaki ya chakula yanapooza huongeza amonia hiyo. Mtoni au ziwani, maji ni mengi mno kiasi kwamba sumu hii husambaa na kupungua. Katika tangi la lita 50, haina pa kwenda.

Tangi lililokaa muda mrefu lina walinzi wake. Kwenye sifongo ya kichujio, kwenye changarawe na kwenye kuta za kioo huishi bakteria wa aina mbili. Wa kwanza huibadilisha amonia kuwa nitriti. Wa pili huibadilisha nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaweza kuistahimili kwa kiwango cha wastani na ambayo huondolewa maji yanapobadilishwa.

Nitriti nayo ni hatari. Ikiingia katika damu, huizuia kubeba oksijeni, hivyo samaki hukosa pumzi hata maji yakiwa na hewa ya kutosha. Ndiyo maana samaki wengine hunusurika juma la kwanza, kisha wakafa katika juma la tatu wakati mfugaji amekwisha kujipongeza.

Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Huwachukua kati ya wiki nne na sita kuongezeka hadi kulimudu tangi, na katika maji baridi huchelewa zaidi. Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu, na hakuna mahali ambapo usemi huu hutimia upesi kama hapa.

Kuliandaa tangi kabla ya samaki

Njia bora ni kuliendesha tangi bila samaki. Jaza maji, washa kichujio na kifaa cha kupasha maji joto, kisha tia chembe chache za chakula cha samaki kila baada ya siku moja au mbili. Chakula hicho kikioza hutoa amonia, nayo huwalisha bakteria.

Vifaa vya kupimia maji hupatikana katika maduka ya wauzaji samaki wa mapambo. Mfugaji atagundua kuwa amonia hupanda kwanza, kisha hushuka huku nitriti ikipanda, na mwishowe nitriti nayo hushuka. Vipimo vyote viwili vikisoma sufuri kwa siku kadhaa mfululizo ilhali chakula bado kinatiwa, na nitrati ikaonekana, tangi li tayari. Badilisha sehemu kubwa ya maji, kisha ulete samaki wa kwanza.

Kuna njia ya kufupisha safari hii. Ikiwa una rafiki mwenye tangi la siku nyingi lisilo na maradhi, mwombe kipande cha sifongo kutoka kwa kichujio chake. Kibebe kikiwa kimelowa maji ya tangi hilo na ukitie katika kichujio chako siku hiyohiyo. Kikikauka, bakteria wengi hufa.

Ukubwa wa tangi pia ni jambo la kuzingatia. Wengi huanza na tangi dogo wakidhani ni rahisi kulitunza, ilhali maji machache huchafuka upesi na kubadilika joto upesi. Tangi la urefu wa sentimita 90, upana wa 40 na kimo cha 40 hubeba lita 144, nalo humpa mgeni wa kazi hii nafasi ya kusahihisha makosa. Hata hivyo, kila lita ya maji ina uzani wa kilo moja, hivyo meza ya kuliwekea yapasa kuwa imara.

Maji ya mfereji na ya kisima

Maji ya mfereji mijini hutiwa klorini ili kuua vijidudu. Klorini hiyohiyo huchoma matamvua ya samaki na kuua bakteria wa tangi. Yaache maji wazi katika ndoo kwa saa 24 au zaidi kabla ya kuyatumia, au tumia dawa ya matone inayoondoa klorini.

Maji ya visima virefu hayana klorini kwa kawaida, ila mengi ya Nairobi na Bonde la Ufa yana chumvi nyingi na magadi. Katika maji ya namna hiyo, makali ya amonia huzidi. Maji yenye kipimo cha pH cha 8 huwa na amonia yenye sumu kali takriban mara kumi ya maji ya pH 7, hata kama jumla ya amonia ni ileile.

Kwa hivyo ni busara kumchagua samaki kulingana na maji uliyo nayo. Tetra neoni, samaki mdogo mwenye mstari wa buluu na mwekundu, asili yake ni mito ya Amazon ambako maji ni laini na yenye asidi kidogo. Diskasi pia hutoka huko, naye huhitaji joto la nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi. Wote wawili hawafai kutangulizwa katika tangi jipya. Lakini mbuna wa Ziwa Malawi hustawi katika maji magumu yenye pH ya takriban 8, ingawa ni wagomvi na hawapaswi kuchanganywa na samaki wapole.

Samaki wa dhahabu, ambaye wengi humwanza naye, si wa nchi za joto. Hupendelea maji baridi, hukua sana na huchafua maji kuliko udogo wake dukani unavyodokeza. Asiwekwe pamoja na tetra.

Baridi ya Julai na kukatika kwa stima

Samaki wengi wa mapambo hutaka maji ya nyuzi 24 hadi 26 usiku na mchana. Nairobi na maeneo ya milimani, usiku wa Juni hadi Agosti huwa na baridi inayoweza kushusha joto hadi nyuzi 12 nje ya nyumba. Kifaa cha kupasha maji chenye nguvu ya wati moja kwa kila lita hutosha katika nyumba nyingi. Weka na kipimajoto, kwani mkono wa binadamu haupimi joto la maji kwa usahihi.

Isitoshe, Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo, maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja kwa tano ikilinganishwa na Mombasa yakiwa na joto sawa. Kwa sababu hiyo, idadi ya samaki ipunguzwe na pampu ya hewa isikose. Pwani nako, adui ni joto lenyewe, kwani maji ya moto hushika hewa kidogo. Tangi lisiwekwe dirishani penye jua.

Stima ikipotea, lifunike tangi kwa blanketi upande na upande, lakini acha hewa ipenye juu. Usiwalishe samaki. Chota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu kila baada ya dakika chache ili yapate hewa, au tumia pampu inayotumia betri. Ikiwa kichujio kimezimika kwa saa nyingi, suuza sifongo yake kabla ya kukiwasha, kwa sababu bakteria waliokufa ndani yake watayachafua maji.

Siku ya kuwaleta nyumbani

Lete samaki wachache. Tetra huishi kwa makundi, hivyo sita ni bora kuliko wawili, lakini aina nyingine isubiri angalau wiki mbili. Elekeza mfuko juu ya maji ya tangi kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, kisha ongeza maji ya tangi mfukoni kidogo kidogo. Watoe samaki kwa wavu mdogo na umwage maji ya dukani, kwani huenda yamebeba maradhi. Taa izimwe siku hiyo.

Walishe mara moja au mbili kwa siku, kiasi wanachokimaliza kwa dakika mbili. Chakula kinachozama na kuoza kimeua samaki wengi kuliko njaa, hasa penye watoto wenye huruma nyingi. Kila wiki badilisha robo ya maji. Usitumie sabuni kamwe, na sifongo ya kichujio isafishwe katika maji yaliyotolewa tangini, si chini ya mfereji. Anayeosha kila kitu kwa siku moja huwaua walinzi wake na kulirudisha tangi kuwa jipya.

Ikiwa umesoma haya samaki wakiwa tayari wanahema, badilisha nusu ya maji leo kwa maji yasiyo na klorini yenye joto lilelile, acha kulisha kwa siku mbili, ongeza hewa na urudie kubadilisha robo ya maji kila siku huku ukipima. Wengi huokoka hivyo.

Na atakayechoka kufuga asiwamwage samaki wake mtoni. Mbuta alipopandwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, aina nyingi za fulu, samaki wadogo wa kupendeza wa ziwa hilo, zilitoweka. Samaki asiyetakikana arudishwe kwa muuzaji au apewe mfugaji mwingine ambaye tangi lake limekwisha kukomaa.