Kasha la Bibi Harusi

Mbao za msaji, misumari ya shaba. Makasha ya namna hii yaliletwa Unguja kwa majahazi kutoka India na Ghuba, hasa karne ya 19. Baadaye mafundi wa Mji Mkongwe nao wakayatengeneza.

Babu alituma barua ya posa, mahari ikatolewa, ndoa ikafungwa, fungate siku saba. Humu bibi alihifadhi kanga, doti kwa doti, udi na asumini. Kijisanduku cha ndani ni cha kuwekea dhahabu. Ufunguo aliushika mwenyewe; mume mwenye adabu hakuuliza.

Wageni wa Kitaliano, waliozoeleka hapa Kiwengwa, hulielewa upesi: kwao, karne ya 15, maharusi wa matajiri walikuwa na makasha yao yaliyochorwa, cassoni.

Tafadhali usilikalie.