Upepeo wa Vita ni Upi?

Wengi wanaoandika habari za samurai kwa Kiswahili hutosheka na "upepeo wa vita". Mjapani angeuliza: upi? Kwake upepeo usiokunjwa ni uchiwa, na wa kukunja ni ogi, na vyombo vya vitani navyo vimefuata mgawanyo huo.

Gunseni ni wa kukunja. Jina lake ni jeshi na upepeo, basi. Jemadari aliukunjua kutoa ishara kwa askari wake, na mara nyingi ulichorwa duara jekundu la jua. Tesseni ni upepeo wa chuma, ingawa mwingine haukunjuki kabisa: ni kipande cha chuma kilichofuliwa kifanane na upepeo uliofungwa. Samurai aliyetakiwa kuacha upanga mlangoni aliingia na tesseni kiunoni, na mwenyeji asiseme kitu.

Linalonivutia zaidi ni gunbai. Huu haukunjwi, ni ubao mpana wenye mpini uliopita katikati. Jina kamili ni gunbai uchiwa, na gunbai ilikuwa kazi kabla ya kuwa chombo: kupanga majeshi, pamoja na kupiga ramli ya siku na upande wa heri. Watu walipofupisha jina, walitupa upepeo wakabakiza amri. Nadhani walichagua vyema.

Husimuliwa kwamba katika vita vya Kawanakajima, mwaka 1561, jemadari Uesugi Kenshin aliingia na farasi hadi alipoketi hasimu wake, Takeda Shingen, akamshushia upanga, naye Shingen akaukinga kwa gunbai. Wanahistoria wengi wanakitilia shaka kisa hicho. Vitabu kadhaa vya Magharibi humpa Shingen tesseni, lakini sanamu iliyosimamishwa kwenye uwanja huo wa vita, mjini Nagano, imemshikisha gunbai.

Vita vya samurai vimekwisha, gunbai haijastaafu. Mwamuzi wa sumo huielekeza upande wa mshindi. Majaji wakitengua uamuzi wake, kosa lake huitwa sashichigae, yaani ameelekeza siko. Waamuzi wa daraja la juu kabisa huvaa na kisu kifupi, ishara kwamba zamani kosa hilo lingelipwa kwa kujitoa roho.

Kwa hiyo, mfasiri mwenzangu, "pepeo za vita" ziwe jina la jumla, gunseni na tesseni zifafanuliwe mara ya kwanza zinapotajwa, na gunbai uiache ilivyo, kama tulivyoacha judo na karate.