Haki ya Kupita Bardenas

Kusini mwa jimbo la Navarra, kaskazini mwa Uhispania, mahali ambapo milima ya Pirenei imekwisha kushuka na bonde la mto Ebro linafunguka, ipo nchi kame iitwayo Bardenas Reales. Ukubwa wake unakaribia hekta 42,000. Udongo wake ni wa mfinyanzi na jasi, nao umechongwa na mvua chache lakini kali hata ukawa makorongo, vilima vyenye vilele bapa, na minara iliyovikwa kofia za mawe. Ule uitwao Castildetierra ndio unaopigwa picha kuliko yote. Ndani yake hamna kijiji hata kimoja. Na si mbali na hapo, ng'ambo ya pili ya Ebro, nje kidogo ya mji wa Tudela, unaanza Canal Imperial de Aragón, yaani Mfereji wa Kifalme wa Aragón, wenye maji ya kutosha kulisha mashamba na miji. Jangwa na maji yamekaa jirani kiasi kwamba mtu mwenye baiskeli huweza kuyaona yote mawili kwa siku moja.

Na wenye baiskeli wanakuja. Mwanzoni mwa karne hii ilizuka Marekani aina ya baiskeli iliyokusudiwa barabara za changarawe: usukani wake umepindwa kama pembe za kondoo dume, mfano wa baiskeli za mashindano, lakini matairi yake ni mapana na yenye meno. Mwaka 2006 yalianza mashindano mashuhuri ya mchezo huo huko Kansas, na mwaka 2022 yakafanyika ya kwanza ya ubingwa wa dunia, katika jimbo la Veneto nchini Italia. Wapenzi wa mchezo huo walipotafuta nchi yenye njia ndefu zisizo lami, Bardenas haikuweza kukosekana. Wageni hao aghalabu huisifu kwa neno moja: pori. Sifa hiyo ni ya ukarimu, lakini si ya kweli. Hakuna njia hata moja katika nchi hiyo iliyojitokeza yenyewe. Kila moja ina mwenyewe, ina sababu yake na ina ugomvi wake. Na ikiwa hadi leo haikutiwa lami, ni kwa kuwa wale waliokuwa na haki ya kuipita hawakuihitaji lami.

Wa kwanza wao ni kondoo. Bonde la Roncal liko juu milimani, ambako theluji hufunika malisho wakati wa baridi. Wachungaji wa huko hawana budi kushuka, na mahali pa kushukia ni Bardenas, ambako baridi si kali na majani huota baada ya mvua za vuli. Mapokeo ya Waroncal hudai kwamba haki yao ya kulisha huko ilitolewa na mfalme katika karne ya 9, kama tunzo ya vita. Mwanahistoria anaweza kuutilia shaka mwaka huo. Hawezi kuitilia shaka njia yenyewe, Cañada Real de los Roncaleses, inayoshuka zaidi ya kilomita mia moja kutoka milimani hadi kwenye lango liitwalo El Paso, karibu na Carcastillo. Kila mwaka, tarehe 18 Septemba, alfajiri, makundi ya kondoo hukusanyika hapo na kuingia.

Haki hiyo si ya Waroncal peke yao. Wenye haki ni ishirini na wawili: mabonde ya Roncal na Salazar, monasteri ya La Oliva, na miji kumi na tisa ya pembezoni. Mwaka 1705 mfalme Felipe V, aliyekuwa vitani na mwenye shida ya fedha, aliwathibitishia matumizi ya nchi hiyo milele kwa malipo ya reale za fedha 12,000, zile za thamani ya nane. Ndiyo maana Bardenas haimo katika mipaka ya mji wowote, bali inaendeshwa na baraza la wenye haki. Wakulima wamelima vipande vyake, wakata kuni wamekata, wachimba jasi wamechimba, lakini hakuna aliyeweza kuigawa, kuiuza na kuizungushia ua. Mpanda baiskeli anayeteleza kwa saa tatu bila kukutana na geti anafaidi fedha iliyolipwa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita na watu wa kondoo.

Sheria ya sasa imeliweka wazi jambo hilo. Mwaka 1995 Uhispania ilipitisha sheria ya njia za mifugo, na miaka miwili baadaye Navarra ikatunga ya kwake. Ile ya 1995 inazitambua njia hizo kuwa mali ya umma isiyouzika, na inaruhusu watu kuzipita kwa miguu, kwa farasi na kwa vyombo visivyo na injini, kwa sharti moja: mnyama wa mfugo atangulie. Baiskeli, kwa lugha ya sheria, ni matumizi ya nyongeza.

Si wote waliopita huko walipita kwa haki. Katika karne ya 15 alikuwako jambazi Sanchicorrota, aliyejificha katika makorongo hayo na kuitwa mfalme wa Bardenas. Simulizi husema alimpiga farasi wake viatu kinyumenyume ili nyayo ziwadanganye waliomfuata. Mwaka 1452 jeshi la mfalme halisi lilimzingira, naye akajiua kuliko kukamatwa. Mtu aliyewahi kuona udongo wa Bardenas baada ya mvua, unavyoshika alama ya kila gurudumu na kisha kukauka kama tofali, ataona kwa nini hadithi ya namna hiyo ilizaliwa hapo na si penginepo. Udongo huohuo, ukiwa bado mbichi, hugandama kwenye matairi hata gurudumu likakataa kuzunguka, na mwenye baiskeli akaibeba begani.

Kando ya mfereji mambo ni mengine. Tudela ulijengwa mwaka 802 na Amrus ibn Yusuf, zama za utawala wa Waislamu wa Andalusi, nao uliitwa Tutila. Ndio mji aliotoka al-A'ma al-Tutili, mshairi kipofu wa muwashahi, aliyefariki mwaka 1126, miaka saba baada ya mji kutekwa na Alfonso wa Kwanza wa Aragón. Waislamu waliobakia waliendelea kulima bustani za bondeni chini ya wafalme wa Kikristo, hadi walipofukuzwa: Navarra mwaka 1516, Aragón mwaka 1610. Wenyewe waliondolewa, lugha yao ya maji ikabaki. Mkulima wa Ebro mpaka leo huuita mfereji wake acequia, na neno hilo ni saqiya ya Kiarabu.

Mwaka 1529, chini ya Carlos V, ilianza kuchimbwa saqiya kubwa kutoka Fontellas, jirani na Tudela, ili kuipeleka Ebro kwenye mashamba ya Zaragoza. Kazi ikalegea na kuachwa, ikangoja karne mbili na zaidi. Mwaka 1772 ilikabidhiwa Ramón Pignatelli, kasisi wa kanisa kuu la Zaragoza, mtu mwenye hesabu kichwani na maadui wengi. Watu walisema maji hayatafika. Yalifika mwaka 1784. Miaka miwili baadaye Pignatelli alijengesha chemchemi kando ya mfereji, na juu yake akaandikisha kwa Kilatini kwamba ilijengwa ili kuwasadikisha wasioamini na kuwaburudisha wasafiri. Inaitwa Chemchemi ya Wasioamini, na bado imesimama. Ni nadra kwa kasisi kuweka kisasi chake katika umbo lenye manufaa kiasi hicho.

Mfereji huo, wenye urefu wa kilomita 110 hivi, haukuwa wa mashamba tu. Ulikuwa pia wa mashua. Abiria na nafaka walikwenda kwa maji kati ya Tudela na Zaragoza, mashua ikivutwa na wanyama waliotembea ukingoni. Reli ilipofika mwaka 1861, abiria wakaihama mashua. Njia ya wanyama ikabaki ukingoni, tambarare, ngumu, yenye kivuli cha miti. Anayeipita kwa baiskeli kuelekea Zaragoza huwa na mgongoni mwake cierzo, upepo mkavu wa kaskazini-magharibi ambao Cato wa Roma aliutaja tangu zamani kuwa humwangusha mtu mwenye silaha. Anayerudi Tudela huukabili kwa uso. Reli nayo haikudumu kila mahali: tawi la Tudela hadi Tarazona, lililofunguliwa mwaka 1886, lilifungwa mwaka 1972, na leo ni kilomita 22 za njia ya baiskeli.

Upo mfereji wa pili, na huo una kilio ndani yake. Mfereji wa Bardenas, unaopita kaskazini na mashariki ya nchi hiyo kame, hupata maji kutoka bwawa la Yesa katika mto Aragón, lililozinduliwa na Franco mwaka 1959. Chini ya maji ya Yesa yalizama mashamba ya Tiermas, Ruesta na Escó, na vijiji hivyo vitatu vikabaki bila watu. Huko chini, serikali ilijenga vijiji vipya vya walowezi kwenye ardhi iliyopata maji. Kimojawapo kilipewa cheo cha Franco mwenyewe, Bardena del Caudillo, hata baadaye cheo hicho kikafutwa na jina kubaki Bardenas tu. Bwawa likishuka sana, chemchemi za maji moto za Tiermas hutokeza tena, na watu huja kuoga mbele ya magofu.

Ama katikati ya Bardenas kwenyewe, hapapitiki. Tangu mwaka 1951 jeshi la anga la Uhispania limekodi hekta zaidi ya 2,000 kwa mazoezi ya mabomu, na mkataba umekuwa ukihuishwa huku kodi ikiingia katika mfuko wa wenye haki. Wenye haki wenyewe hawajawahi kuwa na kauli moja juu ya fedha hiyo. Tarehe 3 Juni 1979, katika maandamano ya Tudela ya kupinga nyuklia na uwanja huo wa mabomu, Gladys del Estal, mwenye miaka 23, aliuawa kwa risasi ya askari wa Guardia Civil. Nchi hiyo ikafanywa hifadhi ya mazingira mwaka 1999, na mwaka 2000 UNESCO ikaitambua, mabomu hayakuhama. Njia inayopendwa kuliko zote na wapanda baiskeli, ile ya duara inayopita Castildetierra, ni ya duara kwa sababu inauzunguka uwanja wa jeshi. Upande mmoja wa barabara ni minara ya udongo. Upande wa pili, vibao vya kukataza kuingia.

Kondoo pia huuzunguka. Wakishapita El Paso hutawanyika, kila kundi na malisho yake, na vumbi lao huonekana kutoka mbali. Mpanda baiskeli anayekutana nao njiani hushuka, huiegemeza baiskeli pembeni, na kusubiri mpaka mbwa wa mwisho apite.