Usukani wa Mkono na Usukani wa Mafuta

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya usukani wa motokaa. Wako wenye motokaa za zamani ambao, pampu ya usukani ikiharibika na nyingine isipatikane, huondoa sanduku la usukani lisaidiwalo na mafuta na kutia lile la kuendeshwa kwa nguvu za mkono tu. Je, badiliko hilo ni jema, au ni la hatari? Ili tujibu, yatupasa kwanza kujua usukani ulikotoka.

Neno lenyewe twalipata kwa mabaharia, maana usukani wa kwanza ni ule wa chombo. Na motokaa za awali ziligeuzwa kwa mpini, mfano wa kana aishikayo nahodha. Mwaka 1894, katika mashindano ya kutoka Paris hadi Rouen, Mfaransa Alfred Vacheron alitia gurudumu mahali pa mpini katika gari lake la Panhard. Baadaye wengine wakafuata.

Lakini gurudumu peke yake halitoshi. Kazi kubwa hufanywa na sanduku lililo chini yake. Ndani mna parafujo. Parafujo hiyo husukuma meno yaliyoshikamana na mkono wa chuma, nao mkono husukuma na kuvuta vyuma vya kugeuza magurudumu. Katika masanduku mengi hupangwa gololi kati ya parafujo na nati yake, ili visikwaruzane. Hesabu yake ni nyepesi. Sanduku likiwa la 24 kwa 1, dereva akizungusha usukani mara moja, yaani digrii 360, mkono wa chuma hugeuka digrii 15 tu. Dereva huzungusha sana, lakini hatumii nguvu nyingi. Haba na haba hujaza kibaba.

Ni kwa nguvu za mkono Mjerumani Paul Graetz alivyoondoka Dar es Salaam kwa motokaa Agosti 1907, akavuka Afrika, akafika Swakopmund Mei 1909. Na Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda East African Safari mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, ambayo usukani wake haukuwa na pampu.

Usukani wa mafuta ulitengenezwa na Mmarekani Francis Davis katika miaka ya 1920, na mwaka 1951 kampuni ya Chrysler ikaanza kuuza motokaa zenye usukani wa namna hiyo. Injini huzungusha pampu, pampu husukuma mafuta sandukuni, na mafuta husaidia mikono. Kwa kuwa msaada umepatikana, watengenezaji waliweza kupunguza mizunguko. Sanduku la 15 kwa 1 hugeuza mkono wa chuma digrii 24 kwa mzunguko mmoja.

Hapo ndipo penye hatari. Wako wanaokata mkanda wa pampu, wakasema, "Sasa ni usukani wa mkono." Sivyo! Sanduku ni lile lile la mizunguko michache, ila limenyimwa msaada wake. Mfikirieni dereva wa Murukulazo, katika vilima vya Ngara, amepakia ndizi na watu, anateremka polepole penye kona kali. Mikono yake haina nguvu za pampu, na kona haimngoji.

Basi jibu letu ni hili: badiliko ni jema, mradi liwe badiliko la kweli. Sanduku zima la mkono litolewe katika motokaa ya namna ile ile, kwa maana yako masanduku ambayo mkono wake hugeuka kinyume, na dereva akitaka kulia, gari huenda kushoto. Mkono wa chuma usilehemiwe wala usipashwe moto ili ulingane. Sanduku likazwe barabara katika chasisi. Usukani uhesabiwe mizunguko kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, ukasimamishwe katikati wakati magurudumu yametazama mbele sawasawa.

Kisha dereva ajifunze upya. Aendeshe kwanza polepole mahali pa wazi pasipo watu, na kila kona aanze kuzungusha mapema kuliko alivyozoea, maana sasa mizunguko ni mingi. Akiisha kuzoea, ndipo apakie abiria.