Mwanga Uliofuata Njia ya Pesa

Mwaka 1984 Shule ya Sekondari ya Karamugi, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, ilikuwa inahitaji taa za kuwasomeshea wanafunzi usiku. Nyaya za umeme zilikuwa mbali, na shule nyingi za aina hiyo zilinunua jenereta ya dizeli. Mark Hankins, mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, akaushawishi uongozi ujaribu paneli za jua. Kazi akapewa Harold Burris, mhandisi Mmarekani aliyekuwa na kampuni ndogo iitwayo Solar Shamba. Madarasa yakawaka. Muda si mrefu walimu wakataka taa hizo majumbani mwao, na vijana wa eneo hilo wakafundishwa kuwa mafundi wa sola.

Biashara ilianza hivyo, bila amri ya serikali wala mpango wa taifa. Ilikuta mazingira tayari: familia zenye fedha za kahawa na chai zilikuwa zimeshazoea kuwasha televisheni ndogo kwa betri ya gari, ambayo ilibebwa mara kwa mara hadi mjini kuchajiwa. Paneli iliondoa safari hiyo. Katika miaka ya 1990 vipaneli vya wati kumi na kitu viliuzwa madukani kama bidhaa nyingine yoyote, vingine vizuri, vingine hafifu kupita kiasi, na mnunuzi hakuwa na njia ya kuvitofautisha. Hata hivyo, muongo huo ulipokwisha, zaidi ya nyumba 100,000 nchini Kenya zilikuwa na umeme wa jua, karibu zote kwa fedha za wenye nyumba wenyewe.

Walikuwa nani? Walimu, watumishi wenye mishahara, wakulima wa mazao ya biashara. Jirani yao aliyepata riziki ya siku kwa siku alibaki na koroboi. Yeye alinunua mafuta ya taa kwa kipimo cha chupa, leo kidogo na kesho kidogo, na kwa mwaka mzima fedha hizo zilifika mbali. Lakini hakuna muuza paneli aliyekubali kulipwa hivyo. Kumfuata mteja kijijini kila wiki kudai sarafu chache kungekula faida yote.

Jibu lilitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akifikiria taa. Mwaka 2005 kampuni ya simu ya Vodafone, pamoja na Safaricom ya Kenya na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, ilianza kujaribu Nairobi na Thika njia ya kurejesha mikopo kwa simu. Waliojaribiwa wakaigeuza. Badala ya kulipia mikopo tu, walitumiana pesa wao kwa wao, na Safaricom ilipoizindua rasmi kwa jina la M-Pesa Machi 2007, iliuzwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Mawakala wa M-Pesa wakaenea hadi kwenye vituo vya soko ambako benki haijawahi kufika.

Nick Hughes, mmoja wa walioibuni huduma hiyo ndani ya Vodafone, baadaye alishirikiana na Jesse Moore na Chad Larson kuanzisha M-KOPA. Mwaka 2012 kampuni hiyo iliingia sokoni Kenya na mtambo mdogo: paneli, taa, redio, nyaya za kuchajia simu, na kisanduku chenye betri na laini ya simu ndani yake. Mteja alitoa kianzio, kisha shilingi 40 kwa siku kwa mwaka mmoja, yaani 14,600. Akilipa, kisanduku hupokea ujumbe na taa zinawaka. Asipolipa, zinazimwa kutoka mbali. Akimaliza deni, mtambo ni wake.

Paneli ilikuwa ileile ya zamani, na jua lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni kwamba shilingi 40 sasa ziliweza kusafiri zenyewe. Ndiyo sababu uvumbuzi huu ulikimbilia kule pesa za simu zilikokwisha kuzoeleka: Arusha nchini Tanzania, ambako kampuni ya Off Grid Electric ilianza kazi, Uganda, ambako Fenix ilishirikiana na kampuni ya simu ya MTN, na Rwanda, ambako Mobisol ya Ujerumani ilifunga mitambo mikubwa kidogo.

Njia hiyo ina uzito wake, na haifai kuufunika. Anayelipa kidogo kidogo hulipa jumla kubwa kuliko mwenye taslimu, na anayekwama wiki ya ugonjwa hurudi gizani wiki hiyohiyo anayohitaji taa kuliko zote. Makampuni nayo yalikopa sana ili kuwakopesha wateja. Mobisol ilifilisika mwaka 2019 kabla ya kununuliwa na Engie ya Ufaransa. Kodi nayo ikayumba: Kenya iliirudisha VAT kwenye vifaa vya sola mwaka 2020, ikaiondoa tena mwaka uliofuata.

Jambo zito zaidi ni sehemu za ramani zilizobaki nyuma. Kama jua lingekuwa ndilo linaloamua, kaunti za Turkana, Mandera na Wajir zingetangulia. Zilichelewa, pamoja na Lamu, Kwale na Tana River, kwa sababu minara ya simu ni michache, nyumba zimetawanyika, na wakala mwenyewe anaweza kuwa safari ya siku nzima. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa ajili ya KOSAP, mradi wa Serikali ya Kenya uliolenga kaunti 14 za aina hiyo, ambazo kwa pamoja ni asilimia 72 ya ardhi ya nchi. Sehemu ya fedha hizo ilikuwa motisha kwa kampuni zilizokubali kuuza huko.

Motisha inaweza kulipia lori na duka. Ratiba ya malipo ni suala jingine. Shilingi 40 kwa siku zilimfaa muuza mboga anayeshika sarafu kila jioni. Mfugaji wa Lodwar, huko Turkana, hushika pesa siku anapouza mbuzi, kisha huenda zikapita wiki kadhaa kabla hajauza mwingine, na ukame ukiingia bei ya mbuzi huanguka kabla ya deni kuisha. Mkopo wa taa unaofuata mwendo wa mifugo na mvua ni ubunifu wa kijani sawa na paneli yenyewe, na unastahili wahandisi na wahasibu hodari kama wale waliokaa Thika mwaka 2005 wakitazama jinsi watu wanavyotumiana pesa.